Vazi la sherehe la Wataino: la kasike, la wanawake wa Xaragua, la behike au la wacheza areito, uchague lipi?

Hii naiandika kwa ajili ya walimu, wachoraji na mafundi wa kostyumu za steji ambao wamepewa mada ya visiwa vya Karibi enzi za Columbus, wakaambiwa tu weka Wataino hapo, alafu wakiingia Google wanakutana na mtu amevaa taji la manyoya ya tai linashuka mpaka kiunoni, suruali ya ngozi na viatu vya ngozi. Hilo vazi ni la watu wa nyanda za Amerika Kaskazini, Walakota na majirani zao, huko baridi ni kali na theluji inaanguka ndo maana wanavaa ngozi. Wataino ni watu wa visiwa vya joto. Walikaa Hispaniola (leo Haiti na Jamhuri ya Dominika), Puerto Rico, Jamaika, sehemu kubwa ya Kuba, na ndugu zao Walukayo wa Bahama ndo waliompokea Columbus tarehe 12 Oktoba 1492. Ukiwavalisha ngozi na tai unawafuta mara ya pili, na mi hilo linaniuma kwa kweli, kwa sababu wameshafutwa vya kutosha.

Sasa hata ukishaitupa hiyo picha bado kazi ipo, maana hakuna kitu kimoja kinachoitwa vazi la Wataino. Kiongozi akienda kupokea wageni alijipamba kwake, wanawake wa nyumba ya kiongozi kwao, mganga kwake, na watu wa ngoma nao kivyao. Ukichanganya vyote kwenye mtu mmoja unapata kitu ambacho hakikuwahi kuvaliwa na mtu yeyote. Kwa hiyo swali la kwanza sio vazi lilikuwaje, swali ni NANI huyo na ANAENDA WAPI.

Na jambo la pili ambalo nitalirudia rudia humu ndani: kwa Wataino heshima ilikaa kwenye kitu kinachong'aa, kwenye mkanda na kwenye rangi ya ngozi. Manyoya yapo ndiyo, ila hayakuwa ndo yenye uzito mkubwa. Wachoraji wengi wanaanza na manyoya wakimaliza hela na nafasi ndo wanakumbuka mkanda, mi nasema geuza.

KASIKE MWENYEWE

Kasike ni kiongozi, awe mwanaume au mwanamke. Maelezo mazuri kuliko yote ya kasike aliyejipamba rasmi yanatoka Jamaika mwaka 1494, safari ya pili ya Columbus, na aliyeyaandika ni padri Andrés Bernáldez wa Uhispania ambaye Columbus alifikia kwake na akapata habari kutoka kwake. Kasike alikuja na mitumbwi mitatu, yupo na mke, mabinti wawili, vijana wa kiume, ndugu zake na watu wa kumhudumia. Mbele kwenye mtumbwi mkubwa kasimama mshika bendera peke yake, kavaa joho la manyoya mekundu na bendera mkononi nyeupe haina alama yoyote. Kuna wanaume wawili nyuso zimepakwa rangi kwa mtindo mmoja, kofia kubwa za manyoya kichwani na kwenye paji la uso kila mmoja ana kibao cha duara ukubwa wa sahani. Wengine wawili wana mabaragumu ya mbao yaliyochongwa ndege. Na kuna sita wenye kofia za manyoya meupe, hao kazi yao kulinda vitu vya kasike.

Haya, kasike mwenyewe je? Shingoni ana pambo la guanini (madini ya mchanganyiko, nitayaeleza chini) lenye umbo la ua, kubwa kama sahani, limening'inia kwenye uzi wa shanga nene za mawe. Kichwani ana taji la vijiwe vidogo vya kijani na vyekundu vimepangwa kwa mpangilio, katikati vimeingizwa vikubwa vyeupe, na juu ya paji la uso pambo moja kubwa. Masikioni vibati viwili vya dhahabu kwa vishanga vidogo vya kijani. Kiunoni mkanda wa kazi ile ile ya taji. Mwili uliobaki uko wazi.

Umeona manyoya yako kwa nani? Yako kwa wasindikizaji! Mkubwa wao kabeba mawe na madini. Hii ndo sababu nasema ukichora kasike wa Jamaika ukamjaza manyoya ukamsahau mkanda, umemvalisha nguo za mlinzi wake.

Uzuri wa kuchagua kasike ni kwamba una maelezo ya kutosha kutoka kichwani mpaka kiunoni, huna haja ya kubuni. Pia unapata msafara mzima, bendera, baragumu, rangi, steji inajaa. Ugumu wake ni kwamba shanga ni nyingi na lazima ziwe ndogo, ukiweka shanga kubwa za plastiki za sokoni kazi yote inaonekana ya haraka. Na kuna suala la mwili wazi, kwa watoto wa shule hapo inabidi watumie bodi (ile nguo ya kubana mwili) ya rangi ya ngozi, mi sioni ubaya, ni bora kuliko kumfunga kitambaa cha ngozi ya chui ambacho Karibi hakikuwepo.

Kama kasike wako anakaa, mpe duho. Hiki ni kiti kifupi cha sherehe, kimechongwa kwenye mti mgumu sana uitwao guayakani, kina mgongo ulioinuka nyuma na mara nyingi mbele kina kichwa cha mnyama au mtu. British Museum kule London wanacho kimoja ambacho macho yake yamewekwa vibati vya dhahabu. Kasike bila duho kwenye tukio rasmi anapungua, kwa sababu kukaa kwenye duho kulikuwa sehemu ya kuonyesha cheo sawa na alichovaa. Fundi wa kuchonga mpingo anaweza kukutengenezea kizuri kabisa.

GUANINI AU DHAHABU TUPU?

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu hapa ndo wengi wanaharibu, wanachukua rangi ya dhahabu ya kopo wanapuliza, kwisha.

Wataino walikuwa na vitu viwili. Kimoja ni kaona, dhahabu safi ya mtoni, waliokota vipande kwenye mchanga wakavigonga kwa jiwe mpaka vikawa vibati vyembamba vya kubandika kwenye macho ya sanamu, kwenye vinyago, kwenye masikio. Hawakuyeyusha madini visiwani. Kingine ni guanini, mchanganyiko wa dhahabu, shaba na fedha, na huo uliyeyushwa bara, kwenye pwani ya Amerika Kusini, ukasafiri kisiwa kwa kisiwa kwa kubadilishana mpaka kufika kwao. Bartolomé de las Casas, padri Mhispania aliyeandika historia ya visiwa hivyo, anaeleza kwamba vipande vilivyopelekwa Uhispania vilipopimwa, katika kila sehemu 32 zilipatikana 18 za dhahabu, 6 za fedha na 8 za shaba. Kwa hiyo rangi yake inaenda kwenye wekundu, haina ule unjano mkali.

Na kwa Wataino guanini ilikuwa na hadhi kuliko dhahabu tupu. Mhispania aliiona kama dhahabu iliyochakachuliwa, Mtaino aliinusa (ndiyo, harufu yake ilikuwa sehemu ya thamani), aliiangalia inavyowaka kwenye jua, na alijua imetoka mbali mahali ambapo yeye hajafika. Ramón Pané, mtawa aliyekaa nao Hispaniola miaka ya mwisho ya 1490 akaandika masimulizi yao, anaeleza habari za Guahayona, yule wa kale aliyeondoka na wanawake, akamkuta baharini mwanamke anaitwa Guabonito, yule mwanamke akamtenga akamponya vidonda vyake, mwishowe akampa guanini na siba. Siba ni shanga za mawe za kufunga mikononi na shingoni, guanini aliziweka masikioni. Yaani mapambo ya kasike yana asili kwenye simulizi hiyo, akizivaa mbele za watu kila mtu anajua anachokumbushwa.

Wazungu walipoleta shaba ya njano, Wataino waliipokea kwa furaha kubwa kwa sababu nayo ilikuwa na wekundu ule, harufu ile, na ilitoka mbali. Waliihesabu ni kitu cha mbinguni. Kuba, kwenye makaburi ya El Chorro de Maíta kule Holguín, wataalamu wamekuta vile vichuma vidogo vya shaba ya njano ambavyo Wazungu walikuwa wanabania ncha za kamba za nguo zao, Wataino wamevigeuza kuwa shanga na kuzikwa navyo. Na kwenye makaburi hayo hayo kuna mwanamke kijana amezikwa na mapambo ya dhahabu na shaba, kikiwemo kichwa cha ndege kilichotoka upande wa Kolombia, pamoja na lulu, marijani na shanga za mawe. Kwa hiyo usiwanyime wanawake vitu vya kung'aa, ushahidi upo ardhini.

Ushauri wangu kwa fundi: tafuta bati jembamba la shaba nyekundu, ligonge kwa nyundo ndogo lipate mawimbi, alafu lipake dhahabu kidogo sana juu ukiacha wekundu uonekane. Kama hadithi yako ni kabla ya 1492 hiyo ndo guanini. Kama ni miaka ya 1500 na kitu unaweza kuongeza vishanga vya shaba ya njano na vipande vya kioo, vitu ambavyo walivipata kwa Wazungu na kuvifanya vyao.

WANAWAKE WA XARAGUA

Xaragua ilikuwa upande wa magharibi wa Hispaniola, nchi ya kasike Behechio na dada yake Anacaona. Mwaka 1496 kwenda 1497 Bartolomé Columbus, mdogo wake Christopher, alienda huko na akapokewa na wanawake 30 wa nyumba ya kasike wakiimba na kucheza, kila mmoja kashika matawi ya mnazi-pori, wakapiga magoti wakamkabidhi. Walioolewa wamevaa nagua, mabinti hawakuvaa kitu zaidi ya utepe kwenye paji la uso na nywele wameziachia.

Nagua ni kitambaa cha pamba cha kufunga kiunoni, wengine kama sketi inazunguka, wengine cha mbele tu. Urefu wake ulisema kitu. Wanawake wa kawaida kilifika magotini au juu ya hapo, wa nyumba ya watawala kilishuka mpaka vifundoni, Oviedo, mwandishi wa historia Mhispania wa enzi zile, ndo anaeleza hivyo. Kwa hiyo ukitaka kumwonyesha Anacaona kwa mtazamaji aliyekaa kiti cha nyuma kabisa, urefu wa nagua unamtosha kumtambua kabla hajaona kingine, na hii ni zawadi kwa mtu wa steji.

Mi kwa igizo la shule naliweka hili la kwanza kuliko yote, hata kuliko kasike. Kitambaa kinapatikana, chukua marekani, ile pamba isiyopaushwa, ioshe mara kadhaa ilainike, usiikate kwa mkasi ukaacha pindo za cherehani maana Mtaino alifuma kipande kizima, acha kingo zenyewe au zifume kwa mkono. Ongeza kamba za pamba zilizosukwa kwenye mikono juu ya viwiko na chini ya magoti, hiyo nayo ilikuwa desturi yao. Utepe wa kichwani uwe mwembamba. Kwa mabinti hapo tumia bodi, hakuna haja ya kubuni blauzi, na tafadhali ile sidiria ya vifuu vya nazi iache huko kwenye hoteli za watalii.

Na ukimchagua Anacaona ujue unabeba nini. Huyu mama alimpa Bartolomé zawadi za duho 14 na vyombo na pamba iliyosokotwa, alikuwa na ghala la vitu vya thamani ambavyo viliandaliwa chini ya usimamizi wake, na alisifika kwa kutunga areito (nyimbo za ngoma za kusimulia historia). Mwaka 1503 gavana Nicolás de Ovando alifika Xaragua akapokewa kwa ngoma na heshima zote, kisha akawafungia watawala waliokusanyika ndani ya nyumba akaichoma moto, na Anacaona akanyongwa baadaye. Mimi nikiona anachorwa kama binti wa pambo tu, wa kuchekesha macho, nashindwa kukaa kimya. Mvalishe kama mtawala: nagua ndefu, duho, guanini.

MKANDA, KITU AMBACHO NINGEANZA NACHO MIMI

Desemba 1492 kasike Guacanagarí alimtumia Columbus mkanda, na penye kifuko palikuwa na kinyago chenye masikio mawili makubwa, ulimi na pua vya dhahabu iliyogongwa. Las Casas anausifia sana, upana wa vidole vinne, umeshonwa kwa vishanga vidogo mno kama lulu ndogo, vyeupe na vyekundu katikati yake kwa michoro, kwenye uzi wa pamba, umebana kiasi cha kwamba anasema hata risasi ya bunduki za wakati ule isingepita. Kinyago cha namna hiyo kinaitwa guaisa, mara nyingi ni cha kombe la bahari, ni uso, na kumpa mtu guaisa ni kumpa heshima kubwa na kufunga urafiki naye.

Mikanda ya namna hii iliyobaki duniani ni michache sana. Vienna kwenye Weltmuseum kuna mmoja wa mwanzo wa miaka ya 1500, pamba na shanga za kombe pamoja na vipande vya vioo vya Ulaya. Na Roma, kwenye jumba la makumbusho lililojulikana kwa muda mrefu kama Pigorini, kuna semi ya pamba na shanga (semi ni roho na pia sanamu inayoikalisha roho hiyo) yenye nyuso mbili, ina shanga za kioo na vioo kutoka Ulaya, na uso wake mmoja umechongwa kwenye PEMBE YA FARU. Faru hakuna Karibi. Hiyo pembe ilitoka Afrika, ikapitia mikono ya Wazungu, ikafika kwa fundi wa Kitaino miaka ya 1510 na kitu, naye akaiona inafaa kuwa uso wa kitu kitakatifu. Nikiangalia picha ya ile semi huwa nakaa muda mrefu, kuna kipande chetu pale ndani na hatukuambiwa shuleni.

Sasa linganisha. Taji la manyoya la steji linachukua siku moja kulitengeneza na linaonekana kutoka mbali, hilo siwezi kubisha. Mkanda wa shanga za kweli unachukua wiki, na kwa mbali unaonekana kama mchirizi mweupe na mwekundu. Lakini kwenye picha, kwenye kitabu, kwenye video inayosogea karibu, mkanda unashinda kila kitu, na ndo kitu ambacho tuna mifano halisi ya kukiiga kuliko manyoya ambayo yalioza yote. Hela yako ikiwa ya kitu kimoja tu cha maana nunua shanga ndogo nyeupe na nyekundu, mpe mama au dada anayejua kushona shanga, umalize na uso wa kombe mbele. Ukikosa kombe kubwa la rangi ya waridi chonga kwenye mfupa wa ng'ombe.

BEHIKE

Behike ni mganga na mtu wa kuzungumza na semi. Hapa niseme wazi, kwa mavazi ni chaguo jembamba, kwa vifaa ni chaguo tajiri. Pané anasema akienda kwa mgonjwa anachukua masizi ya sufuria au mkaa uliosagwa anajipaka uso mzima mweusi, na anafuata mwiko wa chakula sawa na mgonjwa. Hiyo ndo alama yake kubwa, uso mweusi.

Vifaa sasa: kijiko kirefu cha kujitapisha, mara nyingi ubavu wa nguva uliochongwa vizuri mno, kwa sababu kabla ya kohoba mtu anasafisha tumbo. Kohoba ni unga wa mbegu unaovutwa puani kwa kijiti chenye matawi mawili, na kasike naye alikuwa anafanya akiwa juu ya duho kabla ya maamuzi makubwa. Maraka (manyanga) mkononi. Semi ndogo ndogo, ambazo pia wapiganaji walifunga kwenye paji la uso wakienda vitani.

Mchague behike kama hadithi yako ni ya ugonjwa, utabiri au kifo. Usimchague kwa sababu unataka mtu wa kutisha jukwaani, hapana, huyu alikuwa mtaalamu wa watu wake. Na kitu kimoja cha kukwepa, kule Torino Italia kuna semi maarufu ya pamba ambayo ndani ya kichwa chake kuna fuvu la mtu, ilipatikana pangoni Jamhuri ya Dominika. Usiitengeneze kama kifaa cha maigizo. Hayo ni mabaki ya mzee wa mtu.

WACHEZA AREITO

Areito ni ngoma na wimbo wa kusimulia historia, watu wengi wameshikana mikono au mabega, mmoja anaongoza wengine wanaitikia, inaweza kwenda masaa na masaa. Vazi lake linasikika kabla halijaonekana, maana wanafunga nyuzi za makombe madogo ya konokono wa baharini kwenye miguu na mikono, wakikanyaga pamoja unasikia. Kuna ngoma ya gogo lililotobolewa, mayohuakani, na maraka.

Tumia makombe membamba marefu, sio simbi. Simbi zinapatikana kila kona ya pwani yetu na kishawishi ni kikubwa ila zinabadilisha kabisa picha, mtu akiziona anafikiria Afrika au Hindi. Kwa kundi la watoto 30 na bajeti ndogo areito ni rahisi kuliko kasike, kila mtu anahitaji rangi, kamba mbili za makombe na utepe.

RANGI YA NGOZI

Nyekundu inatoka kwenye bixa, mbegu zile zile ambazo wakulima wa Kwale na Lamu wanalima, wengine wanaita mzingefuri, wengine mrangi. Mmea wenyewe asili yake ni Amerika ya joto na Wataino waliuita bija, wakachanganya na mafuta, inapamba na inasaidia kuzuia wadudu. Kwa hiyo mtu wa Mombasa anaweza kupata rangi halisi kabisa ya sherehe ya Kitaino kwa bei ya chini, hapa huna sababu ya kutumia rangi ya dukani.

Nyeusi inatoka kwenye jagua, tunda bichi la mti wa huko, maji yake hayana rangi kwanza alafu yanageuka bluu nyeusi kwenye ngozi na kukaa wiki na zaidi. Hatuna hapa. Na nawaomba sana msikimbilie piko, ile rangi ya nywele wanayochorea maharusi, ina kemikali ya PPD na imeunguza ngozi za watu wengi, kwa mtoto ndo kabisa usiguse. Saga mkaa uchanganye na mafuta ya nazi, baada ya shoo unanawa.

Michoro walipiga kwa mihuri ya udongo wa kuchoma, kwa hiyo mistari na miduara inajirudia sawasawa mwilini. Chonga muhuri kwenye kiazi au mpira wa ndala uone inavyopendeza, inashinda brashi mbali.

NAKO LEO?

Chaguo la tano ambalo watu wanalisahau: Wataino wa sasa. Vitabu vingi viliandika wameisha, kwa sababu ya kazi za kulazimishwa, njaa, vita na ndui iliyoingia 1518. Waliteketea wengi mno, lakini damu na desturi hazikukatika. Mwaka 2018 utafiti wa jino la mwanamke aliyeishi Bahama miaka kama elfu moja iliyopita ulionyesha uhusiano wa karibu na watu wa Puerto Rico wa leo, na kuna watu Puerto Rico, Jamhuri ya Dominika, Kuba na New York wanaojiita Wataino na wanafanya sherehe zao. Jayuya, mji wa milimani Puerto Rico, kila mwaka mwezi Novemba kuna tamasha la asili yao na mabinti wanashindana kwa mavazi yaliyotengenezwa kwa vitu vya asili, mbegu, majani, nyuzi, makombe.

Mavazi haya ya leo ni tofauti na ya 1494. Kifua kinafunikwa, manyoya ni mengi zaidi, michoro ya mawe ya Caguana, eneo la kale la Wataino huko Puerto Rico, inashonwa kwenye pamba. Baadhi ya wasomi wanayabeza eti sio halisi, mi siungi mkono kabisa, watu walionyang'anywa vazi lao wana haki ya kulishona upya kwa mikono yao na kwa namna wanayoona inawafaa. Ila usiyachanganye. Ukiweka vazi la Jayuya kwenye tukio la mwaka 1492 umekosea zama, na ukiweka kasike wa Bernáldez kwenye habari ya Wataino wa leo unawarudisha makumbusho wakati wapo hai wanalipa kodi.

Ukichagua la leo, usinakili taji la mtu binafsi uliyemwona kwenye picha, mengine yana maana ya kifamilia au ya kiibada. Waandikie, jumuiya zao zipo mtandaoni na nyingi zinajibu kwa Kihispania au Kiingereza, uliza kipi ni cha jukwaani na kipi ni cha ibada. Alafu kwenye maelezo ya picha au kijitabu cha igizo andika jumuiya gani, mji gani na mwaka gani, na kwa lile la kale andika Jamaika 1494 au Xaragua 1497, ili mwanafunzi akiuliza hii imetoka wapi mwalimu awe na jibu.